Kiti Kimoja cha Mtaa Mzima

Mimi siku ya nane sikuiamini tangu mara ya kwanza tulipopewa. Wenzangu waliipokea kwa mikono miwili, wakapiga vigelegele, wakasema serikali nayo ina huruma, na mimi nikapiga cha kwangu kwa sababu nilikuwa nimesimama katikati yao, na mtu akinyamaza katikati ya vigelegele huonekana. Lakini moyoni nilijiuliza swali moja ambalo halijanitoka hadi leo: mtu anayeweza kukugawia siku, hizo siku alizipata wapi? Hakupi kitu asiye nacho. Kama anayo moja ya kukupa, basi anazo na nyingine, na hizo nyingine zilikuwa za nani kabla hazijawa zake? Niliwauliza wenzangu mara moja tu, wakaniambia nina roho ya korosho. Nikaufyata.

Jina langu Sikudhani. Bibi yangu ndiye aliyenipa, maana hakudhani kama ningeishi, nami tangu hapo nimekuwa mtu wa kudhani kila kitu. Nafagia ngazi za Jumba. Jumba ndilo serikali, au serikali ndiyo inayokaa mle ndani, hilo sijapata kuelezwa na mtu aliyekuwa na uhakika. Ngazi zake hazina mwisho. Ukianza kufagia chini asubuhi, adhuhuri unafika mahali, ukitazama juu unaona vidato vingine vimeongezwa, saruji yake bado mbichi, na juu yake pameshaanza vumbi. Vumbi hilo linatoka wapi sijui, maana watu wa juu hawashuki. Sisi wafagiaji hatuitwi majina. Unaitwa kidato ulichosimama. Asubuhi mimi ni Kumi na Moja, jioni ni Mia Mbili na Sita, na siku nyingine nikifika nyumbani hunichukua muda kukumbuka kwamba kuna mwingine aliyekuwa mimi kabla ya ngazi.

Mume wangu Makame ni mlinzi wa geti lisilo na ukuta. Watu hupita kando yake kulia na kushoto, na yeye haruhusiwi kuwazuia, maana kazi yake ni wanaopita getini, na hakuna anayepita getini. Anasimama. Miguu yake huvimba kwa kusimama, na kwenye kusimama huko ndiko mshahara wake unakotoka. Mimi na yeye tulikuwa na kazi, tusisemwe kama watu wasiotaka kujituma. Tulifanya kazi siku zote saba. Ujira wetu ulitosha kutufikisha kazini kesho yake, basi.

Na tulikuwa na mtoto, Mwanasiti, wa miaka sita, sisi tunamwita Siti. Kwa zile siku saba sikuwa nikimwona. Tulitoka kabla hajaamka, tukarudi ameshalala, mchana kutwa akishinda kwa jirani yetu Bi Kidawa. Alikuwa akilala amejifunika khanga kichwani, miguu nje. Kwa hiyo nyayo zake nilizijua kuliko uso wake; nilijua pale alipochomwa na mwiba na pale ngozi ilipokuwa ngumu, na nilijua anapumua vipi akiwa na mafua. Sasa hapo ndipo ilipoingia siku ya nane. Kati ya siku ya saba na siku ya kwanza kulikuwa na upenyo. Matajiri hawakuujua, wao walilala siku ya saba wakaamka siku ya kwanza. Lakini kwa familia yenye kufanya kazi na isiyotoshelezwa na ujira, Jumba lilifungua ule upenyo na ndani yake mlikuwa na siku nzima, yenye jua lake, isiyo na king'ora cha kuitia watu kazini. Mtoto akiamka anatukuta. Kila mara alinitazama kwanza kama mtu anayehakiki, kisha akauliza, "Mama, leo ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

"Mpaka jua lizame?"

"Mpaka lizame."

Hapo ndipo alipokuwa akinionyesha jino lililong'oka, au neno jipya alilolipata, au wimbo. Sitaki kudanganya: na mimi niliyeshuku kila kitu, siku hiyo niliipenda. Niliipenda kwa hofu, kama unavyompenda kuku uliyeambiwa ana mwenyewe atakayekuja kumchukua. Bila siku ya nane nisingekuwa na mtoto. Ningekuwa na nyayo tu.

Kisha spika za Jumba zikatangaza kwamba siku zimekuwa adimu. Sauti ilikuwa ya upole sana, na sauti ya upole ikitoka kwenye spika kubwa mimi hunisisimua mwili. Ikasema siku ya nane ni ya wanaostahili, na wapo wasiostahili wanaoitumia, na kwa ajili hiyo atapita Mkaguzi nyumba kwa nyumba kuangalia hali za watu. Msiwe na wasiwasi, ikasema. Kwani nani alikuwa amesema ana wasiwasi? Ukimwambia mtu asiwe na wasiwasi kabla hajawa nao, basi unajua jambo asilolijua.

Sasa lazima niwaeleze Mtaa wa Nyuma, maana bila hivyo mtadhani sisi ni wapumbavu. Nyumba zetu ni arobaini, zimepeana migongo, na nyua zake zimetenganishwa kwa makuti yenye matundu ya mtu kupita. Katika nyumba zote arobaini kulikuwa na kiti kimoja cha maana, cha Bi Kidawa, cha mninga, chenye mikono na mto uliofumwa. Bi Kidawa ni mjane, fundi cherehani, na chini ya mkono wa kulia wa kile kiti kuna alama nyeusi ya pasi ya mkaa aliyoisahau siku aliyopata habari za kifo cha mumewe. Kulikuwa pia na kikombe kimoja cha udongo mweupe chenye kisahani, na chupa moja ya chai isiyovuja. Vitu hivi havikuwa vya mtu mmoja ijapokuwa vilikuwa na wenyewe. Akija mgeni kwako, mwanao anachungulia kwenye tundu la makuti, na kabla mgeni hajamaliza kujibu salamu, kiti kimeshaingia kwa mlango wa uani. Cha jirani ni chako kwa muda wa mgeni kunywa chai. Wala husemi kimeazimwa. Ukisema, umewatukana wawili: mgeni, kwamba hakustahili uwe nacho chako, na jirani, kwamba wema wake unautangaza mbele za watu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mimi ninayeshuku kila kitu, hilo sikuwahi kulishuku.

Mkaguzi akaja siku ya nane yenyewe, ili atukute nyumbani. Alianza nyumba ya kwanza akapiga hodi. Anayepiga hodi ni mgeni. Na mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwetu ilikuwa nyumba ya tisa. Kiti kilipitishwa kwenye makuti na jirani wa nyumba ya nane, nikakipokea mimi mwenyewe, na mikono yangu ikagundua jambo ambalo kichwa changu kilichelewa kuligundua: kilikuwa bado kina joto. Nikakiweka sebuleni. Makame akaupangusa mto kwa kiganja. Hodi ikapigwa.

"Karibu, karibu ndani," Makame akasema. "Karibu kiti."

Aliingia mtu wa makamo, msafi, viatu havina vumbi ingawa barabara yetu yote ni vumbi. Akasema tumwite Mkaguzi tu. Akakaa. Nikamwona akitulia, kisha akajisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, kama mtu aliyerudi kitandani mwake. Akanitazama.

"Kiti kizuri," akasema.

"Ahsante, bwana," nikamjibu.

"Kina joto."

"Jua la uani hilo," Makame akadakia. "Tulikuwa tumekianika."

Mkaguzi akatikisa kichwa polepole. Mkono wake wa kulia ukateremka chini ya mkono wa kiti, vidole vikatembea juu ya ile alama ya pasi, vikasimama pale pale bila kutafuta. Sikuona akiinama kutazama. Vidole vyake vilijua pa kwenda.

"Mna mtoto?"

"Huyu hapa. Siti, mwamkie babu."

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unapenda kiti chenu?"

Siti akacheka. "Si chetu. Hicho kiti cha Bi Kidawa."

Hapa nisimame kidogo, maana nimeshaisimulia habari hii mara nyingi kichwani na kila mara napita hapa mbio. Mtoto alikuwa amesema kweli. Mlango ulikuwa wazi, kweli imetoka, yule mtu kaisikia, na lililobaki ni mimi niseme neno moja, ndiyo. Makame alinitazama. Nami nikamvuta Siti kwangu, nikamfunika mdomo kwa kiganja, nikacheka kile kicheko cha mwenyeji.

"Usimsikilize, bwana. Watoto wana maneno. Huyu kila kitu kwake ni cha Bi Kidawa."

"Ndivyo watoto walivyo," akasema Mkaguzi, na akaandika. Akanywa chai katika kikombe ambacho alikuwa ameshakinywea mara nane. Alipomaliza akauliza, kana kwamba ni jambo la kupitisha muda tu, "Na huwa mnakikalia saa ngapi?"

"Tukipata nafasi," Makame akajibu kwa heshima zote.

Akaliandika na hilo. Alipotoka kwa mlango wa mbele, kiti kilitoka kwa mlango wa nyuma kwenda nyumba ya kumi, na mimi nikabaki nimeshika bega la mwanangu. Nililijua jambo, na nilijua kwamba na yeye analijua. Yule mtu alikalia joto lake mwenyewe nyumba baada ya nyumba. Aliijua alama. Alimsikia mtoto. Hakuja kutazama kama tuna kiti. Alikuja kutazama kama tutasema kuwa hatuna.

Baada ya muda bango likabandikwa penye mfereji tunapotekea maji. Makame alilisoma kwa sauti, maana wengine macho yao hayakuwa mazuri. Lilisema Mtaa wa Nyuma umekutwa na viti arobaini vya mninga. Lilisema mwenye kiti ana muda wa kukaa, na mwenye muda wa kukaa hana haja ya siku ya nane. Watu wakacheka. Nawaambieni walicheka wakashika mbavu, yule wa nyumba ya tatu akamwita mwenzake mheshimiwa mwenye samani, na Bi Kidawa akasema tangu azaliwe hakujua kwamba ni tajiri kiasi cha kutajirisha mtaa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitazama siku zinavyokwenda: ya tano, ya sita, ya saba. Kulipokucha baada ya ya saba, king'ora kikalia, na watu wakatoka milangoni wakiwa na vikoi na khanga za kulalia, wakitazamana. Siti aliamka kwa ule mlio. Aliniona nikifunga kilemba cha kazini.

"Mama, si ndiyo ile?"

Nikamwambia kuna makosa madogo, nakwenda kuyarekebisha, nitarudi kabla hajamaliza uji wake. Ndilo neno la mwisho nililomwambia uso kwa uso akiwa mdogo, na lilikuwa uongo.

Nilipanda ngazi nikiwa na fagio, maana asiye na fagio hapandishwi. Nikafika kwenye dirisha la malalamiko, kidato ambacho nambari yake imefutika. Ndani alikaa karani, mwanamke wa rika langu, kucha zake zimepakwa hina iliyoanza kuchujuka.

"Dada, kiti ni kimoja," nikamwambia.

"Vimeandikwa arobaini."

"Ni kile kile. Kilikuwa kinapitishwa uani."

"Kwa nini kipitishwe?"

"Ili mgeni akae."

"Mgeni yupi?"

"Mkaguzi."

"Mkaguzi si mgeni, mama. Mkaguzi ni Mkaguzi."

"Kwetu anayepiga hodi ni mgeni."

Akafungua daftari, akalifunga. "Basi vileteni vyote arobaini hapa, tuvione kwamba ni kimoja."

"Na tukileta kimoja?"

"Tutawauliza thelathini na tisa mmevificha wapi."

Nilishika ukingo wa dirisha. Nilikuwa na hasira ya kuweza kulipasua lile dirisha kwa mpini wa fagio, na nilikuwa na mtoto. Yule karani akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, midomo haichezi, "Mama, mimi mwenyewe nakaa Mtaa wa Mbele. Kwetu sisi ilikuwa sufuria. Sufuria moja ya pilau. Wameandika sitini."

"Na wewe umefanya nini?"

"Nimepata kazi hapa dirishani."

Niliteremka nikitafakari maneno yake. Kwanza nilimwonea huruma. Nilipofika kidato cha chini nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kwa nini ameniambia. Mtu anayekuonyesha kidonda chake bila kuulizwa, huenda anataka na wewe ufunue chako. Kwa nini aseme kwa sauti ya chini kama hakuna wa kusikia? Na kama yuko wa kusikia, alimsemea nani? Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo zenyewe nilikuwa nazo mbili, na zote nilizikung'uta nisione kitu.

Tangu hapo nikawa hivi.

Jirani akinisalimu nasikiliza salamu imeishia wapi.

Mtu akicheka nahesabu wako wangapi.

Nani alimpeleka Mkaguzi nyumba ya kwanza? Kwa nini alianzia ya kwanza? Bi Kidawa alikuwa na pasi ngapi?

Makame akigeuka usingizini najiuliza anamgeukia nani.

Na mimi je? Nani aliyemziba mtoto mdomo? Mkono huu. Mkono huu ulikuwa ukifanya kazi ya nani?

Halafu nikaanza kuokota vitu. Kila siku ya kwanza asubuhi, kwenye vidato vya juu nilivyokuwa nafagia, nilikuta maganda ya machungwa. Nilikuta mifupa ya kuku iliyogugunwa vizuri, kipande cha utepe, ndala ndogo ya mtoto wa miaka mitatu. Palikuwa na harufu ya ubani na mafuta ya nazi, harufu ya nyumba ambayo watu wake wameshinda pamoja kutwa nzima. Sasa wao wa juu jana yake ilikuwa siku ya saba, na ya saba wamelala. Haya waliyala lini? Ni siku gani hiyo waliyoishi, ambayo mimi niliifanya kazi? Nikapekua kwenye kizoleo kama kuku. Siku haifi, nikasema. Ukimnyang'anya mtu siku huwezi kuifukia wala kuichoma. Itakwenda mahali, itapigwa na jua mahali, na watoto wataamka ndani yake wawakute wazazi wao. Ila watoto hao si wetu. Nilimwambia Makame. Akaniambia nina uchovu. Nikamtazama sana, kwa nini anataka niwe na uchovu.

Bi Kidawa alitaka kukipasua kile kiti kuni. Watu wakamzuia. Wataandika tuna kuni, wakasema. Akataka kukitupa; wakasema tutaambiwa tunatupa viti. Kikakaa uani kwake kikinyeshewa, hakuna anayekikalia, mgeni akija anasimama. Na wageni wenyewe wakaacha kuja.

Siti tulimhamishia kwa Bi Kidawa alale huko huko. Kwa wiki moja tu, tulisema, mpaka mambo yatengemae. Kuna faida gani kumbeba mtoto aliyelala kumleta kwenye nyumba isiyo na mtu? Lakini wiki bila siku ya nane haikuwa na pa kukatikia. Ya saba iliingia ndani ya ya kwanza kama maji ndani ya maji, na mimi sikujua tena nimezunguka mara ngapi. Mvua zilinyesha, zikaacha, zikanyesha. Vidato viliongezeka. Ukinizuia ukaniuliza mwanangu ana umri gani, ningesema sita, na ningekuwa naapa. Bi Kidawa nilikuwa namsikia kwa mbali akinipigia kelele kwenye makuti alfajiri, Siti anakusalimu, Siti ameanza kushona, nami nikijibu namsalimu na nakimbia. Mara moja nilimsikia akisema, Siti amepata kazi. Nikacheka njia nzima. Mtoto wa miaka sita apate kazi? Nikaona kizee kinaanza kuchanganyikiwa, au kimetumwa kunipima.

Kisha ikaja ile habari, nayo hakuna aliyejua imetoka wapi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ilisema kwamba Jumba limefikiri, limeona asiye na siku ya kulea hawezi kuwa na mtoto. Kama anaye, basi hamlei. Na kama hamlei, mtoto atachukuliwa apelekwe juu. Watapita wakaguzi wapya, vijana, wenye nyuso za kirafiki, waulize. Kwa hiyo mtaa mzima tukafundishana jibu. Tulikuwa tumeumia kwa kuonyesha tusichokuwa nacho. Safari hii tungeficha tulichonacho. Nililifanyia mazoezi lile jibu kwenye ngazi, kidato baada ya kidato, mpaka likanikaa mdomoni laini.

Siku moja, adhuhuri, king'ora kililia kinyume. Wakatuambia tuweke mafagio chini, leo vidato vinahesabiwa, nendeni majumbani. Nilisimama barabarani na jua la mchana kichwani nisilolijua tena. Wenzangu wakakimbia kwa furaha. Mimi nilitembea polepole, naangalia nyuma. Mchana mzima, bure, bila kuomba? Hawa hawatoi kitu. Wameturudisha ili watukute.

Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Nikageuza mkeka upande uliochakaa. Nikaificha chupa ya mafuta. Khanga ndogo, ile aliyokuwa akijifunika Siti, nikaisukumiza chini ya godoro. Nikakaa chini sakafuni nikisubiri, na sikusubiri sana.

"Hodi."

Sikujibu.

"Hodi wenyewe."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Ni mimi tu. Naomba nifungulie."

Nilifungua kiasi cha uso mmoja kupita. Alikuwa msichana, mrefu kunipita, gauni limepigwa pasi, uso wa kirafiki kama tulivyoonywa. Kwapani ana kifurushi kilichofungwa kwa karatasi, na mimi nikajua ndani mna fomu. Akanitazama, akatabasamu, akangoja. Sikujua anangoja nini. Macho yake yakapita juu ya bega langu, yakaenda kwenye mkeka, kwenye ukuta, pembeni kwenye godoro, yakitafuta. Nikasogea kumziba.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Unamtaka nani?"

Tabasamu lake likapungua kidogo. "Hapa ni kwa Sikudhani, mke wa Makame?"

"Ndiye mimi."

"Ndiye wewe," akarudia. Alikuwa ananitazama usoni, kipande kwa kipande, kana kwamba na yeye ananisoma kwa mara ya kwanza. Sikumkaribisha ndani. Sikumpa maji. Katika umri wangu wote hakuwahi mtu kusimama mlangoni kwangu kwenye jua lile bila kupewa maji, na mkono ulitaka wenyewe kwenda mtungini, nikauzuia. Akavuta pumzi, akauliza kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka kidogo, nami nikasema moyoni, tazama wanavyofundishwa kutetemesha sauti.

"Na mtoto je? Hamna mtoto humu?"

"Hatuna mtoto," nikamjibu. Lilitoka laini, sikukosea hata kidogo. "Hatukuwahi kuwa na mtoto."

Akasema maneno mawili matatu ya adabu, akageuka, akaenda zake na kifurushi chake kifuani. Nikafunga mlango, nikaegemea, nikasikia moyo unanidunda kwa furaha. Safari hii hawakunipata. Nilikaa hivyo, naifurahia akili yangu, hadi Makame alipousukuma mlango akaingia. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu sijui lini. Akatazama kila upande wa chumba.

"Mama Siti, yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanao. Nimekutana naye pale mferejini, hata jina hajanitajia, nimemtambua kwa mwendo, mwendo wa marehemu mama yangu ule ule. Amekuwa mkubwa, Mama Siti. Anashona huko ng'ambo. Leo na wao wametolewa mapema. Amekuletea khanga, mshahara wake wa kwanza. Nikamwambia tangulia, mama yako yupo, mimi nanunua sukari tumpikie chai." Akanyanyua sukari niione. "Yuko wapi?"

Nilimwambia nilivyomjibu, neno kwa neno, kama nilivyolifanyia mazoezi. Makame aliiweka sukari chini taratibu sana.

"Na yeye akasemaje?"

"Alisema, 'Samahani, mama. Nimekosea nyumba.'"